Chungu Kisichopita Motoni

Mfinyanzi mmoja, mjane aitwaye Bi Mwanatumu, alikuwa na paka aliyezaa watoto watano ndani ya mtungi uliopasuka. Wanne walikuwa na madoa kama mama yao. Kitinda mimba alikuwa mweupe, naye akamwita Pamba. Pamba alilala mapajani mwake saa zote za kufinyanga, hata hakikutoka chungu mwaka ule kisicho na unyoya wake udongoni.

Watoto walipotimiza miezi miwili, Bwana Shemdoe, daktari wa mifugo, alipita kuchanja paka wa kijiji. Wote watano walichomwa sindano. Wanne wakalia, wakanyamaza. Pamba alilia hadi jua likatua, na kila mlio ulimchoma mfinyanzi kifuani.

"Nitarudi baada ya wiki nne, bibi," daktari aliagiza. "Chanjo moja ni nusu ya ukuta."

Siku hiyo ilipowadia, Bi Mwanatumu akamtia Pamba ndani ya chungu kibichi, akakifunika kwa kawa.

"Mbona naona wanne? Wa tano kaolewa?"

"Katoka kuwinda, mwanangu."

"Kwa meno yale ya punje za mchele!" Daktari akacheka. "Basi akirudi mawindoni, niletee."

Hakumpeleka.

Masika yakaja, na pamoja nayo maradhi ya paka ya kutapika, yakipita nyumba hadi nyumba. Wale wanne waliendelea kuvizia panzi uani. Pamba alikataa maziwa, kisha akakataa maji. Siku ya tatu Bi Mwanatumu alikaa mlangoni amempakata, akimdondoshea maji kwa ncha ya kidole, huku mama paka akimlamba sikio. Pumzi zilikuwa zikififia chini ya kiganja kile kile kilichomficha. Na pale uani, chungu kibichi alichokisahau mvuani kilikuwa kikirudi kuwa tope. Akakitazama mpaka ukingo wake ukaanguka.

"Vyungu vyote nimevitia motoni bila kusita," akamwambia Pamba. "Wewe peke yako nikakuonea huruma."

Mwaka uliofuata paka yule alizaa tena. Kila siku ya chanjo, ya kwanza na ya kurudia, Bi Mwanatumu alikuwa wa kwanza kufika kwa daktari, kikapu mikononi, akilia kabla ya watoto kulia.

Enyi mpendao, ni chungu gani kilichoepushwa na moto kikaja kutunza maji?