Ubavu wa Kwanza wa Aliyekunja Uso

Mgeni wetu ameonja mvinyo mwekundu wa hapa kwetu Chamhela kabla ya kula, akakunja uso, na ninyi wajukuu mkacheka. Msimcheke. Alichokosea yeye, mababu zetu walikikosea miaka mingi, na nusura tuikose mizabibu yote mnayoiona hapo nje.

Zamani hizo watu wa hapa walijua pombe moja tu, ya uwele. Ile ni nzito, ni kinywaji na ni chakula, na mtu aliinywa asubuhi tumbo tupu akaenda shambani. Basi zabibu nyeusi zilipoanza kukamuliwa, mvinyo wake nao ukanywewa hivyo hivyo, kwa kibuyu, bila hata tonge tumboni. Ukawakausha ndimi, ukawakata matumbo. Wakasema mmea huu unachukia watu.

Mwenye shamba la zabibu hizo alikuwa Sechelela, mjane. Yeye na marehemu mumewe waliichimbia mizabibu mashimo katika ardhi kavu, wakainywesha maji ya kubeba kichwani, na mume akazikwa pembeni mwa shamba hilo. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mbivu Sechelela alikuwa nazo tele. Aliyekosekana ni wa kuzitaka.

Mhembano, mdogo wa marehemu, akaitisha kikao. Ikaamuliwa kwamba baada ya siku saba kijiji kizima kitakuja kung'oa mizabibu, papandwe uwele.

Sechelela hakulia mbele yao. Alijipiga moyo konde, akarudi nyumbani akijiambia kwamba kinywaji kikali hakikosi mwenzake. Kila siku akajaribu chakula kingine. Kwa mlenda, mvinyo uliteleza ukaacha uchungu mtupu. Kwa samaki mkavu, kinywa kilijaa ladha ya chuma. Kwa kuku wa kuchemsha ulinyweka, lakini ladha ya kuku mwenyewe haikusikika kabisa. Siku ya sita alibaki na mbuzi mmoja aliyenona, na huyo ndiye akiba yake yote.

Sasa, kwetu anayelimiwa na wenzake ndiye anayewalisha, hata kama kazi yenyewe haipendi. Siku ya saba walipofika na majembe, walimkuta mbuzi yuko motoni, mafuta yakidondokea makaa.

"Hamtagusa mzabibu hata mmoja kabla hamjala," Sechelela akawaambia.

"Shemeji, unatuchelewesha tu," Mhembano akasema. "Jioni hapa patakuwa peupe."

"Huenda. Kula kwanza, shemeji."

Akampa ubavu wa kwanza yeye, aliyeuchukia mvinyo kuliko wote. Alipoutafuna mpaka mafuta yakamtiririka kidevuni, ndipo akamjazia kikombe. Hili Sechelela hakuwahi kulijaribu. Mbuzi alikuwa huyo mmoja tu. Mjane aliogopa sana, na hakurudi nyuma.

Mhembano akanywa. Hakukunja uso. Ule ukali ulikutana na mafuta, vikamalizana huko huko, ikabaki ladha ya zabibu iliyoiva juani. Akautazama ubavu, akakitazama kikombe, akanyoosha mkono apewe tena vyote viwili. Wengine wakasogea. Jua lilipoelekea kuzama mifupa ilikuwa myeupe, na hakuna jembe lililokuwa limegusa ardhi.

"Haya, nani anaanza kung'oa?" Sechelela akauliza.

Mhembano akainuka, akachukua jembe lake. Akaenda hadi kwenye shina lililo karibu na kaburi la kaka yake, akaanza kulipalilia.

Na tangu siku hiyo, hapa Chamhela mvinyo mwekundu haumiminwi mpaka midomo ing'ae mafuta, na ubavu wa kwanza hapewi mkubwa wala mpendwa. Hupewa aliyekunja uso. Mgeni, wako ndio huu. Kula kwanza.