Kifaranga cha Bi Chausiku na Umeme wa Kivuli

Tegeni masikio, na anayetaka kusinzia asinzie, maana mambo haya yenyewe yalipita katikati ya usingizi.

Huko Muheza, upande ambako ukungu wa milimani hushuka mchana kuja kujilaza juu ya mapaa ya watu, palikuwa na mafundi umeme watatu. Semkiwa alijaliwa shaka. Haamini kitu mpaka akijaribu kwanza mahali anapopajua; hata mkewe, nasikia, alimchunguza mpaka mahari ikapanda bei. Tunu alijaliwa ukaidi. Kitu kikijitapa mbele yake hukitwisha mzigo aone kama kitabeba, na ndivyo alivyowarudisha wachumba kwao mmoja baada ya mwingine. Na Mhando alijaliwa sikio. Huyo husikia hata mbu akigeuza nia.

Sasa palikuwa na Bi Chausiku, mwanamke mtu mzima, mfugaji. Kuku wake wa kuchi, mbegu ya mwisho aliyoachiwa na marehemu mumewe, alinyakuliwa na kicheche akiwa bado analalia. Bibi akayaokota mayai, akayatia katika sanduku la mbao lenye globu ya kuyapa joto, kule bandani. Mbegu ile ikifa, hapana nyingine mji mzima.

Mchana mmoja wa manyunyu globu ikazimika. Akatia mpya. Kimya. Na jikoni taa inawaka kama kawaida!

Bi Chausiku akayafunga mayai kwenye kanga, akayalaza tumboni pamoja na chupa ya maji ya moto, akaketi jikoni mlango wazi, macho bandani. Mafundi walipofika akawaambia, "Wanangu, yakipoa haya nimekwisha. Atakayenirudishia joto bandani, kifaranga cha kwanza ni chake."

"Mimi shahidi," akadakia jirani yake Mwanahiti, ambaye ukimpa neno huhitaji redio.

Walikuwa na mita moja tu, ile ya manjano yenye kioo cha namba na waya mbili zenye ncha. Wakaitia kwenye tundu la umeme bandani. Namba zikaja: mia na ishirini. Tisini na nane. Mia na kumi. Zikapanda, zikashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Bi Chausiku akazitazama kutoka mbali, na joto la chupa lilivyomlegeza, akaona kama mita ndiyo inayoota, naye yumo ndani ya ndoto yake.

"Umeme wa kweli ni mia mbili na thelathini," akanong'ona Mwanahiti. "Huu nusu. Nusu nyingine inanyonywa na mtu. Na mimi najua ni nani, ila mdomo wangu mzito." Kisha akaitazama nyumba ya nyuma, kwa Hiari, mpaka ukuta wenyewe ukaona haya.

"Mdomo wako mzito?" Tunu akacheka. "Mama Mwanahiti, mdomo wako ungekuwa mzito kweli tungepumzika."

Semkiwa hakucheka. Akaichukua mita akaenda jikoni, kwenye tundu linalofanya kazi. Kioo kikasema mia mbili na tisini. "Mwongo," akasema Semkiwa. "Umeme wa hivyo, taa hii ingekwishapasuka." Akakisogeza kioo machoni, na pembeni akaona kialama kidogo cha betri, kimefifia kama unyayo kwenye umande. Betri ikiisha nguvu, mita huona mambo makubwa kuliko yalivyo. Akaomba betri ya redio ya Bi Chausiku, ikawa ni ile ile ya mraba. Akapima tena jikoni: mia mbili thelathini na moja. Mita ikawa na akili zake timamu.

Wakarudi bandani. Namba zikapungua, lakini zikabaki: themanini, sabini na tatu, themanini na mbili. Mwanahiti akapiga vigelegele. "Sikusema? Twendeni kwa Hiari!"

"Hatuendi kokote," akasema Tunu. "Umeme unaojitapa hivi, na ubebe mzigo." Akachomeka taa ya kawaida pale pale, mita ikiwa bado imeshika. Taa haikufumba wala kufumbua. Na namba, mama weye, zikaporomoka mpaka mbili. Akaitoa taa: zikarudi themanini. "Huu ni kivuli," akasema. "Waya wa banda umekatika mahali, lakini umefungwa pamoja na wa jikoni, bega kwa bega. Ulio hai unampumulia mfu, na mita hii ni nyepesi mno, inasikia hata pumzi. Hakuna aliyeiba kitu." Hiari akawa amepona kusemwa, na habari hana.

Hapo Bi Chausiku akagusa chupa. Ilikuwa inapoa. "Wanangu," akaita, sauti ikatoka kama ya mtu aliye chini ya maji.

Mhando akazima umeme wote kwenye swichi kubwa, akaigeuza mita ikae pale inapopiga mlio waya ukiwa mzima, akaunga waya mrefu wa ziada ili aupime waya wa banda mwanzo na mwisho. Mwanahiti akachungulia kioo. "Moja! Waya zimekutana!"

"Moja iliyosimama peke yake ukingoni si hesabu, mama," akasema Mhando. "Ni mita inanyoosha mikono, inasema hapa hapana njia." Akamwachia Tunu mita, akapanda darini, akaukunja waya wa banda kwa vidole pole pole huku amefumba macho. Kimya. Kimya. Kii! Kimya. Pale alipouminya, mita ikalia, alipouachia, ikanyamaza. Panya alikuwa ameutafuna ndani ya ganda, nje huoni kitu. Akaukata, akauunga, akaufunga tepu.

Swichi ikapandishwa. Banda likawa na mwanga wa rangi ya kiini cha yai. Bi Chausiku akaenda kuyalaza mayai sandukuni, chini ya globu.

Wakati ulipotimia, mayai yote yalinyamaza ila moja. Kilitoka kifaranga kimoja, shingo ndefu ya kikuchi hasa. Cha kwanza, na cha mwisho.

Wakaja watatu. Semkiwa akasema, "Bila mimi mngeongozwa na mita yenye wazimu, na hata mlio msingeuamini."

Tunu akasema, "Bila mimi mngekuwa kwa Hiari mnavutana kanga, mayai yanapoa."

Mhando akasema, "Mlijua ugonjwa, ndiyo. Joto alirudisha nani?"

"Na tumbo lililoyalalia?" akauliza Mwanahiti, safari hii kwa sauti ya chini.

Ahadi ilikwishamtoka Bi Chausiku, tena mbele ya shahidi wa namna ile. Kifaranga kimelala kiganjani mwake, manyoya bado mabichi, kinapumua, na vidole vyake vimekizunguka.

Haya, nyinyi mliobaki macho: kingekuwa kiganja chenu hicho, mngekifungua mbele ya nani?