Kijiji cha Upondo Mzima

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa mto, ukahama. Pakawa watu, wakabaki.
— Wakabaki na nini?
— Na kiu yao!
— Basi sogeeni, moto unatutosha sote. Anayesinzia na asinzie kwa adabu.

Zamani za zamani, wanyama walipokuwa bado wanajibu wakisalimiwa, palikuwa na kijiji kiitwacho Kingoni. Nyumba zake zilikuwa ishirini na saba, zimepangika juu ya ukingo kama shanga kwenye uzi. Mbele ya milango ulipita mto mkuu, na kando ya mto yalilala majaruba ya mpunga.

Bahari ilikuwa mbali, lakini si mbali sana. Kila mwezi ulipoandama, na kila ulipokuwa mpevu, yalikuja maji makuu yaitwayo bamvua. Bahari ilijaa, ikausukuma mto nyuma, na mto ukapanda ukingo ukaingia majarubani, maji matamu yasiyo na chumvi. Watu wa Kingoni hawakujua kumwagilia. Waliyangoja maji, yakaja, wakashukuru.

Mwaka mmoja masika yalizidi. Mto ulikasirika, ukakata kona, ukajichimbia njia mpya upande wa mashariki. Maji yalipotulia, watu walifungua milango wakakuta mbele yao shimo refu lenye matope. Wakaliita Mto Mfu. Bamvua ya kwanza ikapita, Mto Mfu haukujaa. Bamvua ya pili ikapita, Mto Mfu haukujaa. Matope yakawa udongo, udongo ukapasuka.

Katika nyumba ya tisa aliishi mjane, jina lake Hagodana. Mumewe, Maro, alikuwa amemwachia vitu vitatu: jaruba moja, mtumbwi mmoja, na upondo mmoja wa kuusukumia mtumbwi. Mtumbwi ulioza. Jaruba alilima. Upondo aliulaza darini juu ya boriti, asimruhusu mtu kuugusa. Kwa safari zake katika mitumbwi ya majirani akachongewa upondo mwingine.

Hagodana alikuwa na kitalu cha miche ya mpunga, mbegu yake ya mwisho. Kila asubuhi aliinyeshea kwa kata ya maji aliyoyabeba kichwani kutoka mto mpya, na kila jioni aliikuta imeinama. Binti yake, Haluva, alisimama mlangoni akamtazama.

"Mama, bamvua ijayo ikipita pakavu, mimi na watoto tunakwenda kwa wakwe zangu, vilimani. Twende sote."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba yuko kaburini, mama. Hanywi maji."

"Mimi ninayakunywa. Nami nilizoea kuyanywa nikimtazama." Hagodana akatua kata. "Nipe bamvua moja, mwanangu."

"Moja, mama. Si mbili."

Basi Hagodana akajifunga kanga kiunoni, akaenda mto mpya kuuliza njia ya maji.

Akamkuta Mamba mchangani. Akapiga goti, akaimba:

*Mto wetu umehama,*
*Udongo umeachama,*
*Miche yangu yainama,*
*Nipe maji ya salama.*

Mamba akafumbua jicho moja. "Mimi maji nayalalia, bibi. Siyahamishi." Akalifumba.

Akaenda mbele, akamkuta Korongo kwenye maji haba. Akapiga goti, akaimba vilevile. Korongo akabadilisha mguu. "Mimi maji nayasimamia. Siyaongozi. Na ukiimba tena, samaki wangu watakimbia."

Akaenda mbele zaidi, akamkuta Kiboko amezama hadi masikio. Hapo Hagodana akaona haya, maana watu wa Kingoni walikuwa wakimfukuza Kiboko kwa mawe na kwa kelele za madebe kila mpunga ulipoiva. Hata hivyo akapiga goti, akaimba kwa sauti ndogo:

*Mto wetu umehama,*
*Udongo umeachama,*
*Miche yangu yainama,*
*Nipe maji ya salama.*

Kiboko akapuliza maji puani. "Mimi maji nayatembeza. Ninapokwenda malishoni, napita njia ile ile, kutoka hapa hadi Mto Mfu wenu. Miaka mingi nimeikanyaga, imeshuka kuliko ardhi yote ya jirani. Nusu ya kina nimechimba kwa miguu. Nusu iliyobaki chimbeni nyinyi, bamvua itaingia."

"Ewe mwenye mwili mkubwa, tukulipe nini?"

"Mambo matatu. Mawe yakome. Mstari mmoja wa mpunga mdomoni pa mfereji uwe wangu. Na upana wake uwe upana wa tumbo langu, si upana wa mitumbwi yenu. Siku ya kufungua nitaupita mimi kwanza. Nikikwama, maneno yetu yamekwisha."

Hagodana akarudi mbio. Kijiji kikakaa barazani. Aliyesimama kupima kazi alikuwa Babwoya, fundi wa mitumbwi, aliyechonga pondo zote za Kingoni kwa urefu mmoja, pima mbili kamili. Akaitembea njia ya Kiboko kwa hatua, akaitembea tena, akasema: "Pondo themanini na moja. Nyumba ishirini na saba. Kila nyumba pondo tatu. Hata Mungu hapangi vizuri hivi bila kutupenda."

Sasa sikilizeni desturi ya watu hawa. Kazi ya ujima walipima kwa upondo. Kila nyumba ilikuja na upondo wake, ikaulaza chini mara tatu, na hapo ndipo palipokuwa fungu lake. Nyumba inayofuata ilianzia pale ya kwanza ilipokomea. Majembe yalikuwa machache, hivyo nyumba tatu zilichimba kila siku, kwa siku tisa, kutoka Mto Mfu kuelekea mto mpya. Baada ya hapo zingebaki siku mbili, kisha bamvua.

Siku ya kwanza wakachimba. Siku ya pili wakachimba. Usiniulize jua lilikuwaje. Majembe yalikuwa yakilia kama chuma sokoni.

Jioni ya pili Hagodana akasikia msumeno nyuma ya ua. Akachungulia, akamwona jirani yake Komora, mtu mwenye mabega mapana na pumzi fupi.

"Naona unapasua kuni, Komora."

"Hapana, mama. Upondo umeoza ncha. Naukata kidogo tu."

"Pole."

"Ahsante, mama. Nishapoa."

Kisha akasikia msumeno nyumba nyingine. Na nyingine tena. Hagodana akauchukua upondo wake, akaugeuzageuza. Akajiambia: "Wenzangu wana waume na wana. Mgongo wangu hauna mwenzake. Shibiri moja ni nini katika mfereji mzima?" Akakata shibiri moja, akaitia motoni, akapikia uji. Uji ule ulikuwa na sukari, lakini haukumshuka vizuri. Akainua macho darini, akauona upondo wa Maro umelala boriti hadi boriti. Akayateremsha macho haraka. Kesho yake akachimba fungu lake, akamaliza mapema, akapongezwa.

Siku ya tisa nyumba ya mwisho, nyumba ya Babwoya mwenyewe, ikamaliza fungu lake. Watu wakainua majembe washangilie, wakatazama mbele. Mto haukuwepo! Ulikuwa kule, ng'ambo ya ardhi ngumu, pondo saba nzima.

Hapo zikaanza kelele.

"Kiboko katudanganya!" akasema mmoja.

"Mto umehama tena!" akasema wa pili.

"Babwoya kahesabu vibaya!" akasema wa tatu.

"Nimehesabu mara mbili!" akafoka Babwoya.

"Basi labda ardhi imekua," akasema Komora. Wengine wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mtu mmoja akaokota jiwe, akalipima mkononi, akatazama kwenye maji palipokuwa na masikio mawili. Na Haluva, kule nyuma, akageuka kimya akaenda nyumbani kufunga mikeka yake.

Hagodana akamwona anavyokwenda. Akamfuata hadi mlangoni. Binti alidhani mama amekuja kumsihi. Kumbe mama alipanda kinu, akanyoosha mikono darini, akauteremsha upondo wa Maro. Vumbi la miaka mitatu likamwangukia usoni. Hakujifuta. Akaubeba begani hadi mferejini, akaulaza chini mbele ya watu wote, na kando yake akaulaza wake.

"Ndugu zangu," akasema, "huu ni wa Maro. Haujaguswa. Na huu ni wangu. Tazameni."

Wakatazama. Tofauti ilikuwa shibiri moja.

"Kiboko hakutudanganya. Mto haukuhama. Babwoya hakukosea hesabu. Mimi nimepikia uji shibiri moja ya mfereji huu, na kwa kuwa upondo hulazwa mara tatu, nimekula shibiri tatu. Mwanangu anafunga mizigo kwa sababu yangu. Nisameheni."

Kisha Komora akatoka mbele, akaulaza upondo wake. Shibiri mbili pungufu. "Haukuoza ncha, mama," akasema, akitazama vidole vya miguu yake. Akaja wa tatu, akaja wa kumi, akaja wa ishirini na sita. Kila upondo ukalala kando ya ule wa Maro, na hakuna hata mmoja ulioufikia.

Komora akatupa jicho pembeni. "Fundi, mbona wako umeukalia?"

Babwoya akainuka polepole. Upondo wake ulikuwa mfupi kuliko zote, shibiri tatu zimekwenda. Akakuna kidevu. "Ndugu zangu, fundi ndiye mwenye msumeno mkali kuliko wenu."

Hapo wakacheka, na safari hii kicheko kikafika mbali. Yule wa jiwe akaliweka chini. Hagodana akaulaza upondo wa Maro kwenye ardhi ngumu, mara moja, mara mbili, mara saba, na hapo ncha ikagusa unyevu wa mto.

"Fungu la nani hili?" akauliza mtu.

"La wote," akasema Hagodana.

Wakachimba pamoja, bila mpaka baina ya nyumba na nyumba. Aliyechoka alipokewa jembe kabla hajaliomba. Siku ya pili asubuhi Hagodana akaona mikono anayoifahamu ikishika jembe lililo kando yake.

"Na mizigo, mwanangu?"

"Mizigo inangoja, mama," akasema Haluva. "Bamvua haingoji."

Alasiri ya siku hiyo ukabaki ukuta mmoja wa udongo, mpana kama kitanda, kati ya mfereji na mto. Mto ukaanza kuvimba. Bahari ilikuwa imeusukuma. Watu wakapanda kingo, wakashika pumzi. Kiboko akainuka majini, akapanda njia yake, akauegemea ule ukuta kwa kifua. Mara ya kwanza ukatikisika. Mara ya pili ukapasuka. Mara ya tatu ukalala, na Kiboko akaingia mferejini, na maji nyuma yake.

Akatembea. Tumbo likasugua kulia, tumbo likasugua kushoto. Palipokuwa fungu la Babwoya akasimama kidogo, na Babwoya akafumba macho. Kiboko akavuta pumzi, akapita. Fungu la Komora akapita. Fungu la Hagodana akapita. Pondo themanini na moja kamili alizipita bila kukwama, akatokea Mto Mfu, akaugeukia umati, akapiga mwayo mkubwa. Na maji yakaja nyuma yake yakiimba, yakajaza shimo, yakapanda, yakaingia majarubani jaruba kwa jaruba.

Hagodana alikuwa amesimama katika kitalu chake. Maji yakamfika vidoleni, yakamfika kwenye vifundo. Miche ikainuka. Akapiga goti papo hapo, kanga ikalowa, akaimba, na safari hii hakuimba peke yake:

*Mto tumerudishiwa,*
*Kwa nyayo tulichimbiwa,*
*Kiboko ni msifiwa,*
*Fungu hatapunguziwa.*

Mikeka ya Haluva ilifunguliwa jioni ile ile, na watoto wakailalia.

Tangu siku hiyo Kingoni hakikuitwa tena Kingoni. Wapita njia walipouliza jina, watu waliwaonyesha upondo wa Maro, umechomekwa mdomoni pa mfereji, nao wakakiita kijiji Upondo Mzima. Mstari wa mpunga ulio chini yake haukatwi. Ni wa Kiboko. Na kila mwaka, siku ya kuzibua mfereji, fungu la kila nyumba hupimwa kwa upondo ule ule mmoja. Lakini kabla jembe halijagusa udongo, kila mtu humwendea jirani aliye upande wa mto, akamshika mkono, akamwambia: "Maji yangu yamepita kwako. Ahsante." Naye huenda kwa aliye mbele yake, akasema hivyo hivyo, hadi nyumba ya mwisho. Na nyumba ya mwisho, kwa kuwa haina jirani, humwambia neno hilo Kiboko, yale masikio mawili yaliyo majini.

Hadithi inatufunza hivi: anayejipunguzia kazi ya wote hujipunguzia maji yake mwenyewe, na anayekiri wa kwanza ndiye anayefungua njia. Basi kabla ya kulala, mkumbuke mtu mmoja ambaye maji yako hupitia kwake, umshukuru.

— Imekwisha?
— Imekwisha, na maji yamefika.

Mimi nilikuwepo, nilipewa sahani ya wali wa mavuno ya kwanza. Hadithi nayo ilikuwa ndefu kuliko hivi mlivyoisikia. Ila nilipokuwa njiani kuja kwenu nilipumzika kwa Babwoya, na mnaujua msumeno wake.