Utepe wa Sanduku la Dawa

Mtu mmoja alikuwa na mkasi. Ulikuwa mkasi mpya, wenye mishikio ya rangi ya dhahabu, na aliutunza ndani ya mkoba wake, umeviringishwa kwenye kitambaa cheupe, kwa sababu haukuwa wake. Ulikuwa wa mgeni rasmi.

Mtu huyo aliitwa Nehemia Chilewa, naye alikuwa mkuu wa habari na mawasiliano katika chama kimoja cha kutetea wanyama. Kazi yake ilikuwa kuwasemea wasioweza kusema, na aliifanya vizuri. Aliwajua waandishi wa habari wote wa mji ule kwa majina. Alijua picha ipi itakwenda ukurasa wa mbele na ipi itaishia kufungia maandazi. Wala msidhani alikuwa mkatili. Akiona mbwa anapigwa mawe njiani, alisimamisha gari.

Mwaka huo chama kilipata dawa ya vidonda, sanduku zima, kutoka kwa wafadhili. Kamati ikakaa, ikaona haifai dawa ianze kutumika hivi hivi, kama kitu kilichookotwa. Ikaamua izinduliwe. Sanduku likafungwa utepe mwekundu, likawekwa juu ya meza ofisini, na akaanza kutafutwa punda.

Punda alipatikana kwa mjane mmoja aitwaye Nyemo, aliyeishi kwa kuchota maji kisimani na kuyapeleka kwenye migahawa ya sokoni. Punda huyo ndiye aliyekuwa miguu yake. Mgongoni alikuwa na kidonda kilichochimbwa na tandiko, upana wa kiganja, na kila jioni Nyemo alikiosha kwa maji ya chumvi na kukipaka majivu. Nehemia alikitazama kidonda kile kwa huzuni, akaona kinafaa. Akamwomba mama amwache punda wake uani kwa chama, atibiwe bure siku ya uzinduzi, Ijumaa, mbele ya mgeni rasmi na waandishi. Akaomba pia, kwa heshima zote, kwamba majivu yaachwe, maana hayapendezi kwenye kamera. Na chumvi nayo ikasimamishwa, kidonda kisije kikafunga kabla ya siku yake. Nyemo alimfunga punda kwa kamba ya mkonge aliyoisokota kwa mikono yake, akashukuru, akaenda zake. Mlinzi akamwandika punda kwenye daftari la wageni. Penye sababu ya kuja, aliandika: kuzinduliwa.

Nyumbani aliitwa Kijivu. Kamati ikaona hilo si jina la kuwagusa watu. Mmoja akapendekeza Tumaini. Wenzake wakamkumbusha kwamba Tumaini alikuwa mbwa wa mwaka uliopita, na kwamba alishakufa. Wakamwita Neema.

Ijumaa ilipofika, mgeni rasmi alipata dharura. Shughuli ikasogezwa hadi Jumatano. Jumatano alikuwa na kikao. Ikasogezwa tena. Nasi tunayajua mambo haya, ndugu zangu. Viti vitapangwa, turubai litafungwa, kwaya itaimba mpaka ikaukiwe na koo, lakini jambo halianzi mpaka yeye afike, hata kama jambo lenyewe ni kuzima moto.

Kidonda hakikupewa taarifa ya kuahirishwa. Kiliendelea. Nzi walikuja bila mwaliko. Daktari wa mifugo wa chama, dada mmoja aitwaye Hosiana, alimwambia Nehemia kwamba kidonda kinanuka, na kwamba dawa hiyo hiyo iliyoko mezani ingekitiisha kwa siku nne. Nehemia akamwomba aliweke jambo hilo kwa maandishi. Akaliweka. Akajibiwa, kwa maandishi, kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Hosiana alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Aliikunja barua ile, akaitia mfukoni.

Na Nehemia alikuwa na hoja, tena nzuri. Gazeti haliandiki habari za punda aliyepona. Picha moja tu, alijiambia, kidonda hiki na mkono wa mheshimiwa juu yake, na watu wataona. Matandiko mabaya yatapigwa marufuku wilaya nzima. Punda elfu watapona kwa sababu ya mmoja aliyesubiri. Kila siku alipita uani akamwona huyo mmoja, na kila siku aliwaza wale elfu, ambao hawakuwa na harufu.

Wiki ya tatu Nyemo alikuja kumjulia hali punda wake. Shingo yake mwenyewe ilikuwa imekakamaa kwa kubeba madumu, na migahawa miwili ilishatafuta mchota maji mwingine. Nehemia akampa kiti, akampa soda, akamweleza habari za ratiba na itifaki, na za sanduku na utepe wake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliliangalia sanduku pale mezani kwa muda, kama mtu anayekadiria uzito wa mzigo.

"Baba," akauliza, "hicho kitambaa chekundu ni cha chuma?"

Nehemia alicheka. Wa ofisini wakacheka naye, na mmoja akasema mama huyu angefaa kuwa msemaji wa chama. Nyemo hakucheka. Mkasi ulikuwa mkobani, hatua mbili kutoka kwenye sanduku.

Jumanne iliyofuata punda alilala asiinuke. Hosiana alikuja mbio, magoti yamejaa udongo, akaomba mkasi. Safari hii hakuomba kwa maandishi. Nehemia alifungua mkoba, akakunjua kitambaa cheupe, akaushika mkasi. Na hapo, kwa muda wa pumzi moja, alikuwa mtu mwema kabisa. Kisha akaona ni busara apige simu kwanza. Msaidizi wa mgeni rasmi alimweleza kwa upole kwamba kukata utepe leo, na mheshimiwa anakuja kesho, na kesho ni uhakika, huenda kukaonekana ni kumtangulia. Akaahidi kulifikisha ombi hilo panapohusika. Nehemia akangoja jibu, mkasi mkononi. Adhuhuri Hosiana alirudi ndani, akanawa mikono kwa muda mrefu, akamwambia sasa anaweza kuurudisha kwenye kitambaa.

Jibu lilikuja alasiri. Mheshimiwa hakuwa na pingamizi lolote. Alishangaa hata kuulizwa.

Kesho yake alifika kweli. Akaletwa punda mwingine, mzima, aliyeazimwa kwa wachoma matofali, akapakwa dawa ya zambarau mahali pasipo na kitu. Mgeni rasmi aliuliza jina la mnyama, akaambiwa ni Neema. Nehemia alisimama akasoma hotuba aliyoiandika mwenyewe, juu ya wale wasio na sauti, na katikati sauti yake ikakatika. Alilia machozi ya kweli, hilo sitamnyima. Waandishi waliyapiga picha.

Nyemo alifika viti vikiwa vinakunjwa. Habari za punda alikuwa ameshazipata. Hakudai punda, alidai kamba yake. Kamba ilikuwa juu, imefungia bango lenye picha ya Kijivu na kidonda chake, kwa kuwa asubuhi ile kamba za chama zilipungua. Mtunza stoo akamweleza kwamba kitu kikishatumika kwenye shughuli ya chama hakitoki bila barua. Mama hakujua kuandika, Hosiana akamwandikia. Barua imepokelewa, imegongwa muhuri, nayo inasubiri kikao cha kamati.

Kila asubuhi Nyemo hupita chini ya lile bango, dumu kichwani, na Nehemia humwona kutoka dirishani. Sanduku limewekwa ndani ya kabati la kioo pamoja na utepe wake, kwa kumbukumbu. Tangu lizinduliwe halijafunguliwa tena. Mkasi alipewa Nehemia, uwe zawadi yake.

Nanyi mlioketi hapa, mkasi uko mkobani mwa nani, na mnampigia nani simu?