Shukrani za Mama Kindi

"Mpo?"
"Tupo!"
"Masikio mnayo?"
"Tunayo!"
"Basi niazimeni kidogo, nitayarudisha."

Hapo kale mfalme wa wanyama alikuwa na ghala. Kila baada ya mavuno, kila mnyama alikwenda kwa Kobe, karani wa ghala, kutaja alichopata. Aliyepata kingi alitoa kodi ya kuchimbia kisima. Aliyepata kidogo hakutoa kitu, lakini naye sharti aende akaseme.

Hayo ya mwisho wengi hawakuyajua. Waliliogopa ghala, kwa hiyo Fisi aliwasemea.

Siku moja, ngo! ngo! ngo! Fisi akagonga mti wa Mama Kindi.

"Mama Kindi, kodi ni mambo mazito. Nipe nusu ya karanga zako nikusemee. Ukikataa, watabeba zote."

Mama Kindi akawatazama wanawe. Karanga zile ndizo za kuwafikisha hadi mvua. Lakini aliogopa, akatoa. Fisi akabeba, huyoo! "Hii-hii-hii!"

Watoto wakalia njaa. Mama hakulia, hakuwa na nafasi. Akaenda mwenyewe kwa Kobe.

"Shikamoo, karani. Mwenye kikapu kimoja cha karanga analipa nini?"

"Marahaba. Halipi. Anakuja, anasema, anarudi kwake."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Na anayepewa vitu kwa kuwasemea wenzake?"

"Hayo ni mapato. Naye ayaseme."

"Bwana Fisi huyasema?"

"Fisi? Kila mwaka anasema hana kitu."

"Ahsante, karani."

Akapita kwa Kanga, akapita kwa Kima, akawanong'oneza.

Siku ya ghala ikafika. Fisi akatangulia mbele, akasema hana kitu. Mama Kindi akapiga kigelegele.

"Bwana Fisi, ahsante! Ulipokea karanga zangu!"

"Ahsante!" akasema Kanga. "Ulipokea mayai yangu!"

"Ahsante!" akasema Kima. "Ulipokea ndizi zangu!"

Fisi akatoa kifua. "Semeni kwa sauti! Kule nyuma hawasikii!"

Wakasema kwa sauti.

Kobe akachomoza shingo, polepole. "Bwana Fisi, yote hayo umepokea? Mbona umesema huna kitu?"

"Ah! Si vyangu, karani. Nimewawekea tu."

"Vizuri. Warudishie."

"Vingine… viko tumboni."

"Basi jembe lile pale. Kisima kinangoja."

Fisi akachimba, chwa! chwa! chwa! mpaka maji yakatoka. Wanyama wote wakanywa. Mama Kindi akarudishiwa karanga, watoto wakala wakanyamaza, naye akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu mavuno. Kisha akashuka kisimani. Safari hii alimaanisha.

"Bwana Fisi, ahsante kwa maji."

Fisi akaruka nyuma, jembe puu! "Mama, nakuomba! Usinishukuru!"

Funzo lake ni hili: msiwe watu wa kushukuru, mtawatia wenzenu hasara.

Masikio yenu haya, nimeyarudisha.

"Ahsante, mama!"

Haya, mmeanza. Sahani zile pale, nendeni mkaoshe.