Shuka ya Kijani ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa maji.
— Yakatulia tuli!

Palikuwa na ziwa dogo msituni, ambamo jua lilishuka polepole kama usingizi. Humo ziliishi chembe za umbijani, ile rangi ya kijani inywayo nuru. Hakuna aliyezisuka, zilijisuka zenyewe. Zote zilikuwa za mkono wa kulia, na kila moja ilimpa mwenzake mkono huo huo. Zikashikana, zikajisokota, zikashikana, zikajisokota, hata zikawa kamba ndefu, laini.

Kiboko, ambaye ngozi yake haipendi jua, akanguruma, "Mff! Kamba zote zangu!" Akazikokota, akazifuma kuwa shuka pana, akajifunika, ziwa zima. Chini kukawa giza totoro. Ukoga ukafa juu ya mawe, na wana wa Bi Konokono wakalala na njaa.

Bi Konokono akawaza. Ujanani aliwahi kuposwa na konokono ambaye gamba lake lilizungukia kushoto, ilhali lake yeye lilizungukia kulia. Mchumba mpole, mzuri. Lakini kila walipotaka kukumbatiana, waliteleza, pwata! Posa ikavunjika.

Akapanda, taratibu, taratibu, mpaka sikioni mwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, kamasi. Wataka nini?"

"Naona haya kusema. Shuka hii ni nusu."

"Nusu!"

"Ni ya kulia tupu. Katika ziwa la nyuma ya kilima ziko chembe za kushoto, zifananazo na hizi kama uso na sura yake majini. Mwenye hadhi yako afunikwe upande mmoja? Mamba watasema nini?"

Kiboko akaenda mbio, akajaza kinywa, akarudi, akazitapika: chubwii!

"Sasa zikoroge, Bwana Mkubwa, hata kamba zote zifumuke. Zitajisuka upya, pamoja."

Akakoroga, koro, koro, koro. Chembe ya kulia ikampa mwenzake wa kushoto mkono. Zikashikana, zikaponyokana; zikashikana, zikaponyokana. Shuka ikawa mabongemabonge, na katikati yake nuru ikapenya, ya manjano, bila haraka, mpaka kwenye mawe. Mgongo wa Kiboko ukaanza kuwaka.

"We kamasi! Umenifanya nini?"

"Nimekupa zote, Bwana Mkubwa."

Bi Konokono akajiachia, akazama polepole kuelekea kwa wanawe, ambao tayari walikuwa wakilamba ukoga mchanga.

Basi, wasikizaji wangu, ngano hii, asema Kiboko, yatufunza kwamba mdogo asithubutu kamwe kumshauri mkubwa.

Nami nimevuka maji, nimefika ng'ambo. Atakaye na aamke. Asiyetaka na aendelee kuota.