Kahawa ya Hodhi la Sultani

Hapo zamani, mvua ilipoanza kusahau miezi yake, ikawa masika yapita makavu na visima vya mji mmoja wa pwani vyatoa tope, alikuwako Sultani Mwinyi Kombo, mtu mwenye huruma nyingi sana, hasa juu ya nafsi yake. Akawakusanya wenye hekima, wakala pilau, wakajifuta midomo, wakatoa sheria: maji yaliyokwisha kuogewa yasimwagwe, yatumike tena, atakayemwaga, gerezani.

Watu wakatii. Sultani naye alioga asubuhi, adhuhuri na alasiri katika hodhi la marumaru, maji yametiwa marashi ya waridi, kisha mfereji ukafunguliwa yakaenda zake baharini. Hakuna aliyemshitaki, maana askari wa maji walikwisha kuchoka kwa kuchungulia nyua za maskini.

Basi Mwanaesha, mke wa Shekuwe, fukara mmoja aliyependa mzaha, alimwogesha mwanawe mchanga, akamwaga maji uani. Akafungwa, yeye na kitoto chake. Shekuwe akaenda mbio kwa Sultani, akaanguka miguuni pake akilia machozi ya kweli.

"Seyyid yangu, mtoto atakufa kwa joto la gerezani. Niwie radhi, nifunge mimi."

"Machozi nayo ni maji. Yakinge!" akasema Sultani, na baraza zima likacheka, kwa kuwa ndiyo kazi yake. "Alasiri nina wageni. Waandalie kahawa, wala usiteke hata kata moja kisimani, wala usinunue maji, wala usiombe kwa mtu. Ukiweza, mkeo huru. Ukishindwa, utamfuata."

"Nasikia na kutii," akajibu Shekuwe. "Na sheria yako nitaifuata neno kwa neno."

Ilipofika alasiri, wageni wakaketi zuliani, Shekuwe akawazungukia na dele la kahawa, akamimina. Wakanywa, wakasifu.

"Mashallah, inanukia waridi!" akasema mgeni mmoja. "Maji haya ya kisima gani?"

Sultani ndiyo kwanza alikuwa amejaza kinywa.

"Si ya kisima, bwana," akasema Shekuwe. "Ni ya hodhini. Niliziba mfereji, nikayachota yale aliyoogea Seyyid leo, ili yatumike tena kama alivyoamuru."

Mashavu ya Sultani yakavimba, akageuka huku na huku akitafuta pa kutema.

"La, Seyyid! Ukitema umemwaga, na mwenye kumwaga ni gerezani. Meza tu, ni jasho lako mwenyewe."

Wageni, ambao walikwisha kumeza, wakamtazama kwa hamu kubwa ya kupata mwenzao. Sultani hakumeza wala hakutema. Machozi yakamtoka, naye Shekuwe akayakinga kwa kikombe, kwa adabu zote. Mwishowe Sultani akanyosha kidole upande wa gereza.

"Wafunguliwe?" akauliza Shekuwe. Sultani akaitikia kwa kichwa. "Wote waliofungwa kwa ajili ya maji?" Akaitikia tena, upesi zaidi.

Mwanaesha akaletwa, mtoto begani, mzima. Shekuwe alifurahi hata akasahau kwamba Sultani bado anasubiri. Alipokumbuka, akamsogezea chungu cha mrehani, Sultani akatema humo, ikahesabiwa kuwa amemwagilia maua.

Sheria haikufutwa, ila tangu siku hiyo ilianzia hodhini. Na hata alipozeeka, Sultani hakugusa kikombe cha kahawa kabla ya kumwuliza aliyekileta, "Nani ameoga leo?"